Sura ya Sita: Mwamba wa Bukoba Una Miaka Mingapi?

Ukikaa Bukoba au Muleba, huwezi kuukwepa mwamba wa mchanga. Unauona kwenye magenge yanayotazama Ziwa Victoria, kwenye kingo za barabara zilizokatwa mlimani, kwenye kisiwa cha Musira kilicho mbele ya mji, na hata kwenye shimo la choo ambalo mchimbaji amefika mahali jembe likagoma kabisa. Ndiyo maana watu wa huko wana maswali mawili ambayo hayaishi. La kwanza huulizwa na kila mtu: je, mchanga uliotengeneza mawe haya uliletwa na ziwa? La pili huulizwa na waliosoma kidogo juu ya jambo hili, hasa walimu wa jiografia: mbona kitabu kimoja kinasema mwamba wa Bukoba una miaka milioni 800 hivi, na kingine kinasema umepita miaka milioni 1,300? Nani anasema kweli?

Swali la kwanza lina jibu fupi. La pili ndilo litakalotuchukua sehemu kubwa ya sura hii, kwa sababu ndani yake mna namna nzima ambavyo wanajiolojia, yaani wataalamu wa miamba na historia ya dunia, hulipa jiwe jina, hulitafutia umri, kisha hurudi kusahihisha yale waliyoandika wenzao. Mwamba wa Bukoba umepitia hatua zote tatu.

Ziwa limekuja juzi

Ziwa Victoria ni changa. Wataalamu wengi hukadiria kwamba lilianza kutuama kama miaka 400,000 iliyopita. Kabla ya hapo mito ya eneo hili, Kagera ikiwemo, ilikuwa ikitiririka kuelekea magharibi. Ardhi ya magharibi iliponyanyuka pamoja na kingo za Bonde la Ufa la Magharibi, maji yalifungiwa njia, yakarudi nyuma na kujaza bonde pana lisilo na kina kikubwa. Hata leo, pamoja na upana wake wote, ziwa hili lina kina cha mita 80 tu hivi panapozidi. Mashapo, yaani matope na mchanga uliotuama chini ya maji, yalipochimbwa kutoka sakafu ya ziwa, yalionyesha kwamba mwishoni mwa enzi ya barafu lilikauka, likaja kujaa upya kama miaka 15,000 iliyopita.

Jiwe la Bukoba lilikuwa jiwe gumu muda mrefu mno kabla ya hayo yote. Kwa hiyo mambo yamekwenda kinyume na watu wanavyodhani. Mchanga wa ufukweni haukutengeneza magenge. Mawimbi ndiyo yanayoyala magenge, na sehemu ya mchanga unaoukanyaga ufukweni imemomonyoka kutoka kwenye mwamba ule ule.

Lakini maji yalikuwepo. Ukilitazama genge kwa utulivu utaona tabaka zilizolala moja juu ya nyingine. Ndani ya baadhi ya tabaka kuna mistari iliyolala mshazari, na hiyo ni alama ya mchanga uliokuwa ukisukumwa na maji yanayokwenda upande mmoja. Mahali pengine uso wa jiwe una vifinyo vidogo kama vile maji ya kina kifupi yanavyoviacha kwenye mchanga wa leo. Katikati ya tabaka za mchanga huja tabaka nyembamba za matope yaliyogandamana, dalili kwamba wakati fulani maji yalitulia. Palikuwa na bonde la maji yasiyo na kina, na upande wake wa mashariki palikuwa na nchi kavu iliyokuwa kongwe tayari.

Nchi kavu hiyo bado ipo. Wataalamu huiita kratoni ya Tanzania. Kratoni ni kipande cha bara kilichopoa na kukakamaa zamani sana, kikawa kigumu kukunjwa. Mawe ya Bismarck pale Mwanza na miamba yenye dhahabu ya Geita ni sehemu ya kratoni hiyo, na umri wake umepita miaka milioni 2,500. Tulikumbuke neno hili, kwa maana ugumu wa kratoni ndio utakaotusaidia kufumbua fumbo mbele.

Mwamba hupewaje jina?

Mwanajiolojia hafiki mahali na kulipa jiwe jina analolipenda. Kipimo cha msingi cha kazi hii kinaitwa fomesheni. Fomesheni ni mkusanyiko wa tabaka zinazofanana kiasi kwamba mtu anaweza kuzitofautisha na za jirani na kuzichora kwenye ramani. Fomesheni kadhaa zenye uhusiano hukusanywa kuwa kundi, na makundi kadhaa huwa kundi kuu. Miongozo ya kimataifa inamtaka anayependekeza jina kutimiza mambo haya:

- achukue jina la mahali halisi palipo karibu na mwamba wenyewe;
- aonyeshe sehemu ya mfano, yaani genge, bonde au shimo ambalo mtu mwingine anaweza kwenda kuliona na kulipima;
- aeleze mwamba unaanzia wapi na kuishia wapi, chini na juu;
- achapishe maelezo hayo hadharani ili wengine wayahakiki;
- asitumie jina ambalo tayari limepewa mwamba mwingine.

Hakuna mahali katika orodha hiyo panapotaja umri. Fomesheni hutambuliwa kwa jinsi ilivyo: rangi, punje, unene, mpangilio. Umri hutafutwa baadaye, na unaweza kubadilika mara nyingi bila jina kubadilika. Msomaji akilishika jambo hili moja, nusu ya utata unaozunguka mwamba wa Bukoba humwondokea.

Wakati wa ukoloni wa Waingereza, idara ya jiolojia ya Tanganyika, ambayo makao yake yalikuwa Dodoma, ilituma watu kuchora ramani za magharibi mwa nchi. Upande wa Karagwe, na ng'ambo ya mpaka huko Ankole nchini Uganda, walikuta miamba ya mashapo iliyokunjwakunjwa na kusimamishwa wima, yenye mishipa ya madini ya bati. Hiyo ikaitwa Mfumo wa Karagwe-Ankole. Mashariki yake, kandokando ya ziwa, walikuta mawe ya mchanga yaliyolala karibu bapa, hayakukunjwa kwa kiasi kile. Hayo yakapewa jina la mji wa karibu, na ndivyo ulivyozaliwa Mfumo wa Bukoba.

Jina likasafiri. Kusini, kuelekea Kigoma, wanajiolojia walikuta tena mawe ya mchanga bapa, chokaa, mashapo mekundu kama yale ya Manyovu, na juu yake lava iliyoganda katika eneo la Gagwe. Yote yakawekwa ndani ya Mfumo wa Bukoba. Ng'ambo ya mpaka wa Burundi miamba hiyo hiyo ya kusini iliitwa Malagarasi, kwa jina la mto, kwa hiyo jiwe lilibadilika jina kwa kuvuka mpaka uliochorwa na watu. Nchini Kenya, ripoti za serikali za miaka ya 1950 ziliiweka miamba ya Kisii katika mfumo huu wa Bukoba. Yaani lile jiwe laini la eneo la Tabaka ambalo mafundi wa Kisii wanalichonga vinyago na vikombe liliwahi kuorodheshwa chini ya jina la mji wa Kagera! Leo miamba ya Kisii inahesabiwa kuwa kundi lake yenyewe.

Neno mfumo nalo liliondolewa. Katika miongozo ya sasa limetengwa kwa ajili ya miamba inayowakilisha kipindi fulani cha wakati wa dunia nzima, halipewi mkusanyiko wa miamba wa eneo moja. Kwa sababu hiyo, katika maandishi ya baadaye utakuta Kundi Kuu la Bukoba badala ya Mfumo wa Bukoba. Sehemu kubwa ya mabadiliko ya majina anayokutana nayo msomaji ni ya aina hii: kanuni za uandishi zimebadilika, jiwe limebaki pale pale.

Kwa kifupi: jina la mwamba ni pendekezo lililoandikwa kwa kanuni, linahusu sura na mahali, na halibebi umri ndani yake.

Umri wa mchanga hubanwa katikati

Kwa nini basi wasichukue kipande cha jiwe la Bukoba, wakakipeleka maabara na kurudi na namba moja? Kwa sababu mwamba wa mchanga umetengenezwa kwa punje za miamba mingine iliyokufa kabla yake. Ukiipima punje, unapata umri wa mwamba wa zamani ilikotoka. Siku mchanga ulipotandazwa hapo haikuandikwa ndani ya punje.

Fikiria nyumba ya zamani ambayo hakuna anayejua ilijengwa lini. Ukitoa matofali ukutani ukakuta yamepigwa mhuri wa mwaka 1958, unajua nyumba haiwezi kuwa ya kabla ya 1958. Kisha ukakuta bomba la maji lililopenyezwa kwa kutoboa ukuta, na risiti ya fundi ni ya mwaka 1971. Ukuta ulikuwa umesimama tayari bomba lilipopita. Nyumba ilijengwa kati ya 1958 na 1971, na umelijua hilo bila hati yoyote ya ujenzi.

Kwa mwanajiolojia, matofali ni punje za zirikoni. Hii ni fuwele ndogo sana na ngumu, inayozaliwa ndani ya mwamba ulioyeyuka. Inapoganda huingiza urani kidogo ndani yake na kuikataa risasi. Baada ya hapo urani huoza polepole na kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika. Aina ya urani iliyo nyingi zaidi huchukua miaka milioni 4,470 hivi ili nusu yake igeuke. Ukipima leo ni kiasi gani cha urani kimebaki na ni risasi kiasi gani imezaliwa, unapata umri wa fuwele. Zirikoni husafiri na mito, husagwa na kutupwa baharini, na bado hutunza hesabu yake. Ile iliyo changa kuliko zote ndani ya jiwe la mchanga inatuambia kwamba jiwe haliwezi kuzidi umri huo.

Bomba la maji ni mwamba moto, yaani mwamba uliopanda kutoka chini ukiwa umeyeyuka, ukapenya kwenye nyufa za tabaka na kuganda humo. Mara nyingine husimama kama ukuta unaozikata tabaka. Mara nyingine hujilaza kati ya tabaka mbili kama bamba pana. Mwamba moto mweusi na mzito wa aina hii unaitwa doleraiti, nao upo ndani ya miamba ya Bukoba. Ili upenye, lazima uliopenywa uwe umekwisha kuwepo. Jiwe la mchanga ni kongwe kuliko doleraiti iliyolipenya.

Hapa msomaji atauliza juu ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, maana kwingine duniani ndivyo vinavyotumika kupanga umri wa tabaka. Ndani ya mwamba wa Bukoba usitafute konokono wala samaki. Wanyama wenye magamba na mifupa walianza kuacha mabaki mengi kama miaka milioni 540 iliyopita, na mchanga huu ulitandazwa mapema mno kabla yao. Tunabaki na fuwele na doleraiti.

Tabaka bapa zilivyowaongoza wataalamu kombo

Wachora ramani wa kwanza hawakuwa na mashine za kupima fuwele. Walikuwa na nyundo, dira, daftari na kanuni za kale. Mojawapo iliandikwa mwaka 1669 na Nicolas Steno, msomi kutoka Denmark aliyefanya kazi Italia: tabaka iliyo chini ilitangulia, na iliyo juu ilifuata. Nyingine ilikuwa desturi ya kazi zaidi kuliko kanuni. Ukikuta miamba iliyokunjwa, na jirani yake miamba iliyolala bapa, unadhani kwamba mkunjo ulitokea kwanza, kisha bapa zikatandazwa juu baada ya dhoruba kupita.

Kwa desturi hiyo, Karagwe-Ankole iliyokunjwa ikawa kongwe na Bukoba iliyo bapa ikawa changa. Kila aliyekwenda kutazama aliona kitu kile kile, na hoja ilikuwa na nguvu.

Kisha zikaja namba za kwanza. Lava ya Gagwe kule Kigoma ilipimwa kwa njia ya potasiamu na argoni. Aina moja ya potasiamu huoza na kutoa gesi ya argoni, ambayo hunaswa ndani ya jiwe lililoganda. Jibu lilikuwa karibu miaka milioni 800. Kwa kuwa Gagwe ilikuwa imewekwa ndani ya Bukoba, ikaonekana kuwa Bukoba yote ni ya wakati huo au karibu na huo. Hapo ndipo namba ya milioni 800 ilipoingia vitabuni. Tazama ilivyoingia: lava ilipimwa kilomita mamia kadhaa kusini mwa mji wa Bukoba, na umri wake ukahamia kwenye magenge ya ziwani kwa njia ya jina peke yake.

Mimi naona hapo ndipo penye fundisho zito zaidi la kisa hiki. Hakuna aliyepima vibaya. Lava ya Gagwe kweli ina umri huo. Mwaka 2001 watafiti kutoka Ubelgiji waliipima tena kwa njia bora zaidi, ambayo huipasha sampuli joto hatua kwa hatua ili kujua kama imewahi kupoteza gesi yake, wakapata miaka milioni 795, na uwezekano wa kukosea kwa milioni 7 juu au chini. Kilichoteleza ni kuamini kwamba mawe yenye jina moja lazima yawe na umri mmoja.

Kazi hiyo hiyo ya upimaji upya ilileta habari nyingine. Doleraiti zilizopenya miamba ya mchanga katika mkusanyiko huu wa Bukoba zilitoa umri uliozidi miaka milioni 1,300. Rudi kwenye hesabu ya bomba na ukuta. Kama doleraiti imepita miaka milioni 1,300, mwamba wa mchanga ulioipokea umepita hapo pia. Hauwezi kuwa wa milioni 800. Pengo kati ya namba ya zamani na mpya limezidi miaka milioni 500, muda unaokaribia historia yote ya wanyama wenye magamba na mifupa hapa duniani.

Ushahidi mwingine ulikuja kutoka pande zote. Mwaka 2010 kikundi cha watafiti, baadhi yao wakiwa wa Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, kilichapisha vipimo vya zirikoni vinavyoonyesha kwamba kama miaka milioni 1,375 iliyopita eneo hili lote lilivutwa na kutanuka, na mwamba ulioyeyuka ukapanda kwa wingi kwa muda mfupi wa kijiolojia. Miamba yenye nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, na ya Musongati, Burundi, ni zao la tukio hilo. Mwaka 2014 watafiti waliofanya kazi kusini-magharibi mwa Uganda na kaskazini-magharibi mwa Tanzania walieleza mkusanyiko mkubwa wa kuta za mwamba moto uliojipinda kama upinde kwa zaidi ya kilomita 500, nao wakaupa jina la Ziwa Victoria. Umri wake ni karibu miaka milioni 1,370. Doleraiti za Bukoba zina jamaa zake.

Na ule ubapa? Jibu liko kwenye kratoni. Miamba ya Bukoba imelala pembezoni mwa lile gamba gumu la Tanzania. Nguvu zilizoukunja upande wa Karagwe zilikuwa zikitoka magharibi, na kadiri zilivyosogea mashariki zilikutana na sakafu ngumu isiyokubali kukunjwa, zikafifia. Mawe ya Bukoba yalibaki bapa kwa sababu yalikuwa yamekaa mahali penye kinga. Ubapa wake unaeleza mahali yalipo. Hauelezi yalizaliwa lini.

Kwa kifupi: milioni 800 ni umri wa lava ya Gagwe, Kigoma. Mwamba wa mchanga wa Bukoba umepenywa na doleraiti iliyopita miaka milioni 1,300, kwa hiyo ni kongwe kuliko hapo.

Majina baada ya marekebisho

Mwaka 2012 ilichapishwa tathmini mpya ya ukanda mzima kuanzia kusini-magharibi mwa Uganda, kupita Rwanda na Burundi, hadi kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ukanda huo, ambao kwa miaka mingi uliitwa sehemu ya kaskazini-mashariki ya ukanda wa Kibara, kwa jina la milima ya Kongo, ukaitwa Ukanda wa Karagwe-Ankole, yaani majina ya huku huku yakarudi. Uligawanywa sehemu mbili, ya magharibi na ya mashariki, na mstari wa Kabanga–Musongati ukawa mpaka kati yake. Kwa sehemu ya mashariki, iliyo upande wa kratoni, zirikoni na miamba moto zilibana utuamaji wa mashapo baada ya takriban miaka milioni 1,780 na kabla ya takriban milioni 1,375.

Ukifungua chati ya kimataifa ya nyakati za dunia, utaona jinsi jiwe lilivyohamishwa. Kutoka miaka milioni 1,000 hadi 539 iliyopita panaitwa Proterozoiki Mpya. Kutoka milioni 1,600 hadi 1,000 panaitwa Proterozoiki ya Kati. Vitabu vya zamani viliuweka mwamba wa Bukoba katika ile ya kwanza. Doleraiti zimeung'oa humo na kuurudisha nyuma, kwenye ile ya pili au hata kabla yake. Lava ya Gagwe imebaki kwenye Proterozoiki Mpya. Kile kilichokuwa mfumo mmoja sasa kinasomwa kama mabonde ya mashapo ya nyakati tofauti kabisa, yaliyowekwa pamoja kwa sababu yote yalikuwa bapa.

Wapo wanaosikia habari kama hizi wakasema sayansi haina msimamo. Naliona jambo hili kwa namna nyingine kabisa. Wachora ramani wa zamani waliandika mahali walipoona kila jiwe, wakachora mipaka, wakaeleza kwa nini wanadhani Bukoba ni changa. Kwa kuwa waliandika sababu, waliokuja baadaye waliweza kuipima ile sababu na kuikuta haitoshi. Laiti wangeandika namba tupu bila hoja, pasingekuwa na kitu cha kusahihisha.

Yanamhusu nani?

Yanamhusu mkulima. Mwamba wa mchanga wa Bukoba una kwatzi nyingi, madini magumu yasiyo na chakula cha mimea. Mvua ya Bukoba, ambayo hufika milimita 2,000 hivi kwa mwaka, inaosha hata kile kidogo kilichopo. Hiyo ndiyo sababu ya rweya, yale mapori ya nyasi yenye udongo hafifu yanayotanda juu ya vilima, huku kando yake vibanja vya migomba na kahawa vikistawi. Kibanja hakikupewa rutuba na mwamba. Kilijengwa na wazee kwa vizazi vingi, kwa samadi, nyasi na mabaki ya migomba. Anayewashauri wakulima wa Muleba bila kujua kilicho chini ya udongo wao atawashauri kombo.

Yanamhusu anayetafuta maji, kwa sababu maji hushuka kwenye nyufa za mwamba wa mchanga, hukutana na tabaka ya matope yaliyogandamana na kutokeza kando ya kilima kama chemchemi. Yanamhusu pia mtafiti wa madini. Amana ya Kabanga ilitambuliwa miaka ya 1970 kupitia mradi wa Umoja wa Mataifa, na leo anayetafuta nikeli mpya Kagera hutafuta miamba ya lile tukio la miaka milioni 1,375. Akitumia ramani yenye umri wa zamani, atatafuta mahali pasipo.

Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililoua watu na kubomoa maelfu ya nyumba Bukoba na Missenyi, wengi waliuliza kama mwamba wa Bukoba umechoka kwa uzee. Hapana. Tetemeko lilitokana na nguvu za sasa za kutanuka kwa bara, na madhara yake hutegemea zaidi udongo laini wa mabondeni na namna nyumba zilivyojengwa.

Kwa walimu na wachimbaji wa Kagera

Ombi langu la kwanza ni kwa walimu. Ukikuta kitabu kinachosema mwamba wa Bukoba una miaka milioni 800, tazama kilichapishwa mwaka gani, kisha waambie wanafunzi ni jiwe gani lililopimwa na lilikuwa wapi. Waonyeshe Gagwe kwenye ramani, waonyeshe na Bukoba, wapime umbali kwa rula. Wenyewe wataliona tatizo.

La pili ni kwa wanaokata barabara, wanaochimba visima na wanaopasua mawe ya ujenzi. Mahali penye jiwe jeusi zito lililopita katikati ya tabaka za mchanga ni mahali pa thamani kubwa, kwa kuwa hapo ndipo umri wa mwamba unapoweza kubanwa zaidi. Tabaka nyembamba ya majivu ya volkano ingekuwa na thamani kubwa zaidi, maana majivu huanguka siku ile ile tabaka inapotandazwa, na zirikoni zake hutoa tarehe ya moja kwa moja. Ukikuta kitu cha namna hiyo, kipige picha kabla hakijafunikwa, andika jina la kijiji na siku, weka kipande kisichochakaa kwenye mfuko, na upeleke taarifa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, au ofisi ya madini iliyo karibu nawe.